Jina ni la rubani, si la mcheza tenisi

Wengi wetu tunaotazama mashindano ya tenisi ya Roland Garros kila mwaka tunadhani jina hilo ni la bingwa fulani wa zamani. Wapi! Alikuwa rubani, mzaliwa wa Saint-Denis, kisiwani Réunion, kwenye Bahari yetu hii hii ya Hindi, mwaka 1888. Tarehe 23 Septemba 1913 aliruka kutoka Fréjus, kusini mwa Ufaransa, hadi Bizerte, Tunisia, akawa mtu wa kwanza kuivuka Mediterania kwa ndege bila kutua. Alikaa angani kwa karibu saa nane na injini moja tu, na alipotua tangi lilibaki na mafuta kiduchu. Vita Kuu ya Kwanza ikamuua tarehe 5 Oktoba 1918. Kesho yake angetimiza miaka 30.

Sasa tenisi inaingiaje hapo? Wafaransa walitwaa Kombe la Davis mwaka 1927 kule Marekani, wakahitaji uwanja wa kulitetea nyumbani mwaka uliofuata. Klabu ya Stade Français ikatoa ardhi, na mkuu wake, Émile Lesieur, aliyesoma na Garros, akashikilia kwamba uwanja ubebe jina la rafiki yake. Mimi nampongeza kwa ubishi ule. Mashindano yenyewe yalikuwepo tangu 1891. Jina la uwanja ndilo lililoyameza. Na ukienda Réunion leo, ndege yako itatua kwenye uwanja unaoitwa Roland Garros.