MLANGO MMOJA, WASHIRIKA WAWILI

Wanachama wenzetu wa Unguja na Pemba,

Wengi hudhani kwamba jumuiya za kimataifa ni mabaraza ya maneno matupu. Dhana hiyo si sahihi. Jumuiya hizo huamua nani ahesabiwe kuwa dola na nani asihesabiwe, na kwa uamuzi huo huweza kuwapatanisha majirani au kuwagombanisha.

Na tuitazame taarikh yetu wenyewe. Tarehe 16 Disemba, 1963, Zanzibar ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Tanganyika ilikwisha kuingia mwaka 1961. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964, viti viwili vikawa kimoja. Tangu hapo dunia yatambua mlango mmoja tu, na ufunguo wake umo mikononi mwa Serikali ya Muungano, kwa kuwa Katiba imeyaweka mambo ya nchi za nje katika orodha ya mambo ya Muungano.

Mwaka 1992 Zanzibar ilijiunga peke yake na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Bara kukazuka ghadhabu. Mwaka 1993 Zanzibar ikajitoa, na Wabunge 55 wa Bara wakadai Serikali ya Tanganyika. Hivyo uanachama katika jumuiya yenye makao yake Jeddah ulitikisa nyumba yetu hapa. Tena Machi 2017 Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, lilitupokea. Julai mwaka ule ule likatufuta, likisema nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Hali CECAFA hutukubali, na mwaka 1995 tulitwaa kombe lake.

Sisi tuandikao haya twafanya biashara Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma. Huku hatujamsikia mkulima wa Kigogo akiwachukia Wazanzibari. Tusikialo ni swali: "Ikiwa ninyi mna bendera yenu, yetu i wapi?" Swali hilo ni la haki, nalo ni ndugu wa swali letu. Basi mgomvi wetu si mwana wa Bara, bali ni kukosekana kwa hati. Kila mwenye duka ajua: washirika wakiwa wawili na leseni ina jina la mmoja, tajiri wa jumla humkopesha mwenye jina. Mshirika wa pili akienda kukopa kichinichini huzua fitina. Haki yake ni kuandikiwa.

Na hati yawezekana. Visiwa vya Faroe vimo chini ya Denmark, lakini vimo katika FIFA tangu 1988, na ni mwanachama mshiriki wa UNESCO tangu 2009. Katiba ya UNESCO yaruhusu nchi isiyoendesha mambo yake ya nje kuwa mwanachama mshiriki, madhali dola yenye dhamana imeiombea.

Kwa hiyo dai letu liwe wazi, nalo lifikishwe Bungeni Dodoma: Serikali ya Muungano ituombee uanachama huo, na sheria itaje ni katika jumuiya zipi na kwa mambo gani, ikianza na elimu, bahari na michezo. Na ndugu wa Bara wakidai jina la upande wao, tuwaunge mkono.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama si kusujudu.