Kwa Nini Hawakumpiga Mguuni?

Kila zinapoenea habari kwamba askari amemuua mtu kwa risasi, swali moja huyatangulia mengine yote: kwa nini hawakumpiga mguuni? Nimelisikia ndani ya daladala, nimelisikia msibani, na juma lililopita nililisikia katika semina kutoka kwa mwanafunzi ambaye uwezo wake wa kuhoji nauheshimu sana. Dakika chache baadaye, mwanafunzi mwingine alidai kuwa kama raia wema wangeruhusiwa kwa wingi kumiliki bastola, majambazi wangekoma. Vijana hao wawili walijiona wapinzani. Mimi niliwaona wamesimama juu ya dhana moja: kwamba risasi huenda pale anapotaka mpigaji.

Dhana hiyo tumeirithi kutoka kwenye filamu. Ushahidi wa mitaani unasema vingine. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya RAND kuhusu polisi wa New York, iliyotolewa mwaka 2008, ilionyesha kuwa kati ya mwaka 1998 na 2006, askari waliporushiana risasi na wahalifu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata mlengwa. Hata pale ambapo upande wa pili haukufyatua risasi, kiwango kilikuwa asilimia 30. Hawa si mgambo waliokabidhiwa silaha jana. Ni askari waliofunzwa, wanaopimwa shabaha mara kwa mara, wa jiji tajiri. Tena mlengwa wao ni mwili mzima, si goti.

Sababu haihitaji uchawi kuielewa. Mtu anapoamini kuwa anakaribia kufa, mwili humwaga adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi, misuli mikubwa huandaliwa kupigana au kukimbia, na vidole hupoteza wepesi wake. Macho hung'ang'ania kitisho na kuacha kuona vilivyo pembeni. Wengi waliopitia hali hiyo husimulia kuwa hawakusikia mlio wa silaha zao wenyewe, wala hawakumbuki walifyatua mara ngapi. Maumbile hayo yalimfaa babu yetu aliyekutana na simba, lakini hayamfai mtu aliyeshika chombo kinachodai utulivu wa fundi saa. Bastola ina mtutu mfupi: mkono ukipotoka digrii moja tu, kwenye umbali wa mita 10 risasi hupita kando kwa zaidi ya sentimita 17. Huo ni upana unaokaribia wa paja la mtu, na paja lenyewe linakimbia.

Na risasi iliyomkosa mlengwa haiyeyuki hewani. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State jijini New York, askari wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua na aliyewaelekezea bastola. Walifyatua risasi 16 kutoka umbali wa hatua chache. Mtu huyo alikufa, lakini wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hapo uamuzi wa kujihami ulikuwa na msingi. Hata hivyo, gharama yake ililipwa na watu waliokuwa wakijipitia tu.

Hofu pia huambukiza. Februari 1999, katika eneo la Bronx, askari wanne walimfyatulia Amadou Diallo, kijana mhamiaji kutoka Guinea, risasi 41 mlangoni pa nyumba alimoishi. Risasi 19 zilimpata. Askari walisema walidhani ameshika bastola. Alikuwa na pochi. Mmoja wao alipoanguka, wenzake waliamini amepigwa, nao wakaendelea kufyatua. Mahakama iliwaachia huru mwaka uliofuata.

Hapa ndipo ninapohofia kueleweka vibaya. Kuna watakaosema: basi, kama mkono wa askari hutetemeka kwa maumbile, tusimlaumu. La hasha! Anayejua kuwa chombo chake hakitiiki saa ya hofu ana wajibu mkubwa zaidi, si mdogo. Maarifa haya hayafuti uwajibikaji. Yanauhamisha kutoka kwenye kidole na kuupeleka kwenye maamuzi yaliyotangulia. Nani aliamua silaha za moto zipelekwe mahali penye umati? Kwa nini askari walimkaribia mtuhumiwa badala ya kujikinga nyuma ya ukuta na kumsemesha? Waliwahi kufunzwa wakiwa wanahema na wamekurupushwa, au walipigia shabaha karatasi isiyosogea asubuhi yenye utulivu?

Sisi tuna sababu zetu za kuuliza. Februari 2018, jijini Dar es Salaam, mwanafunzi wa chuo aliuawa kwa risasi akiwa abiria ndani ya daladala, siku ambayo polisi walifyatua risasi kutawanya waandamanaji. Hakuwa akiandamana. Tukio hilo halikuwa la mtu kujihami, na kwa hiyo hata kisingizio cha hofu ya kufa hakikuwapo. Risasi inayoitwa ya onyo nayo, ikipaa, lazima ishuke.

Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu humruhusu mtu kujihami, lakini kwa nguvu ya kiasi na inayohitajika tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya silaha hudai kuwepo kwa hatari ya kifo au madhara makubwa iliyo karibu kutokea. Watu huviona vizuizi hivyo kuwa huruma kwa wahalifu. Kwa hakika vinatambua udhaifu wa mkono wa binadamu na kumlinda anayepita njia.

Kwa hiyo, kwa wanaharakati: acheni kudai mguu. Askari anayeamini anaweza kulenga mguu atafyatua mapema zaidi, na atakosa. Daini muda, umbali na mazungumzo kabla ya silaha. Kwa watumishi wa umma wanaoandaa miongozo na bajeti: mafunzo ya kweli ni yale yanayomfundisha askari lini asifyatue. Na kwa mwanafunzi wangu anayetamani bastola: siku utakapoihitaji, mkono utakaoishika hautakuwa huu ulioandika insha nzuri juzi. Utakuwa wa mtu mwenye hofu, gizani, na nyuma ya mwizi ukuta wa chumba cha mtoto wa jirani.