Mzazi Aliyeinuka Afunguliwe Mlango

Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991, waliotutangulia katika mapambano haya waliamini kwamba raia amerudishiwa nchi yake. Mwaka 1997, kufuatia maafikiano ya wabunge yaliyojulikana kama IPPG, Sheria ya Uzururaji nayo ilifutwa, ile iliyomfanya mtu asiye na makao wala kazi kuwa windo la polisi. Lakini je, baba alalaye vibarazani mwa maduka ya mji wa Kakamega amepata nini katika mageuzi hayo?

Twauliza kwa kuwa twamfahamu mmoja wao. Chang'aa ilimnyang'anya kazi, ikafuata nyumba. Hatimaye mke akarudi kwao, na watoto wakapelekwa kwa nyanya yao kijijini. Leo umepita mwaka na zaidi hajaonja kileo. Alfajiri husukuma mkokoteni sokoni, na kila Jumapili alasiri huenda kwa miguu kuwaona wanawe. Kitinda mimba humkimbilia. Kifungua mimba, binti wa miaka 14, humsalimu kwa heshima, kisha huingia jikoni asitoke mpaka baba aondoke.

Alipotujia ofisini hakutaka tumshtaki mtu. Aliuliza tu, "Bwana wakili, nitaanzia wapi?" Tulimsomea Katiba ya 2010: kifungu cha 43 juu ya afya na makao, cha 45 juu ya familia, na cha 53 kinachompa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili. Alisikiliza kwa makini, akatujibu kwamba kila mwenye nyumba anamdai kodi, amana na mdhamini. Mdhamini hana.

Wapo watakaosema kwamba aliyebomoa nyumba yake kwa mkono wake asimlaumu mtu. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Watoto wale walilala njaa, na binti yule hawezi kuamriwa asamehe. Katiba yenyewe inayaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Haki ya mzazi hufuata nyuma. Ndiyo sababu twashikilia kuwa kurudiana kuwe kwa hatua: ziara kwanza, kisha siku za likizo, kisha kuishi pamoja, afisa wa watoto akishuhudia na nyanya akisikizwa, kwani ndiye aliyelea. Hata hivyo, watoto hawawezi kulala likizo kwa baba asiye na mlango wa kufunga usiku.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliifuta ile ya 1980 iliyoharamisha chang'aa. Jedwali la Nne la Katiba nalo limezikabidhi serikali za kaunti leseni za vileo pamoja na hospitali za kaunti. Basi mkono uleule unaopokea ada za baa ndio wenye wajibu wa kumtibu aliyetekwa na pombe. Twadai sehemu ya ada hizo itengwe waziwazi katika bajeti kwa ajili ya matibabu, na kwa makao ya muda ya wale wanaomaliza kutibiwa. Kumwaga mapipa mbele ya wapiga picha hakujamponya mtu.

Na kanisa je? Enzi za chama kimoja, maaskofu kama Henry Okullu na Alexander Muge walitamka mimbarini yale ambayo wengine waliyanong'ona. Ujasiri huo unahitajika tena, ingawa safari hii kazi yenyewe ni ndogo: kila usharika uteue mzee mmoja wa kumdhamini mpangaji mmoja. Hatuombi sadaka, twaomba jina na sahihi.

Jumapili iliyopita binti yule alimtengea baba yake kikombe cha chai, akarejea jikoni bila kusema neno. Baba alitusimulia habari hiyo mithili ya mtu aliyeshinda kesi. Chumba bado hajapata. Ndugu msomaji, ukiwa na nyumba ya kupangisha, au ukiwa mzee wa kanisa mwenye jina jema mtaani, jibu la swali lake liko mikononi mwako.