Sindano za Baba Watoto

Mume wangu ana kisukari na hujidunga insulini nyumbani. Zamani nilizitupa sindano zake pamoja na maganda ya ndizi. Siku moja kijana anayezoa taka alirudi mlangoni akinyonya kidole: alichomwa. Nilimwosha kwa sabuni na maji mengi, nikampeleka kituo cha afya. Aibu niliyoona! Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7.

Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zilimtaka anayetoa taka za matibabu azitenge pale pale zinapotoka. Sasa natumia mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko. Sindano sizirudishii kofia yake, maana hapo ndipo wengi hujichoma. Mtungi ukifika robo tatu naufunga, namkabidhi muuguzi wa kliniki (uliza kwanza kama wanapokea). Usizichome shambani, mama. Chuma hubaki, na watoto hutembea pekupeku.

Kijana yule bado huja kila Jumamosi. Mfuko wetu huupapasa kwanza.