Kuhama chuo siyo usumbufu

Makamanda, mwezi wa tatu huu naomba kuhama chuo. Nasoma sheria mbali. Mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na kodi ya geto imemshinda. Nataka chuo cha hapa Mwanza, nilale kwetu Pasiansi. Jibu la chuo ni moja tu: "subiri".

Mwaka 2016 TCU ilipofuta vibali vya vyuo vya Mtakatifu Joseph kule Songea, wanafunzi walihamishiwa kwingine. Kumbe wakubwa wakitaka inawezekana!

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatupa haki ya kusikilizwa. Basi chuo kijibu ndani ya siku 14, kwa maandishi, na kikikataa kitoe sababu. Jumatatu napanda basi tena, naenda masijala.