Maswali kwa mkulima yachambuliwe kama mbegu

KATIKA vijiji vingi vya Tanzania, mkulima amekwisha kuzoea kuulizwa maswali. Leo anakuja bwana shamba, kesho mtu wa benki, keshokutwa watafiti wa mradi, na kila mmoja ana dodoso lake refu. Mkulima anaacha palizi, anakaa chini ya mwembe na kujibu hadi jua linapanda.

Tatizo si kuulizwa. Bila takwimu, serikali haiwezi kupanga mbolea ya ruzuku, benki haiwezi kukopesha na mfanyabiashara wa mazao hawezi kujua mzigo utatoka wapi. Tatizo ni kwamba maswali mengi hupelekwa kijijini bila kupimwa, wakati majibu yake ndiyo yanayoamua nani apewe mkopo na nani aachwe.

Madhara yake si ya kubuni. Utafiti uliofanyika mkoani Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha kaya za wakulima zilizoulizwa kila wiki kuhusu saa za kazi shambani na zile zilizoulizwa mara moja baada ya msimu. Waliosubiri msimu uishe walitaja saa nyingi zaidi, hadi mara 4, kwa kila mtu katika kila shamba.

Hiyo haina maana kwamba walidanganya. Nani anaweza kukumbuka saa za palizi baada ya miezi kadhaa? Lakini hesabu ya namna hiyo humfanya mkulima aonekane anatumia nguvu nyingi kupata kidogo, na mkopeshaji akiisoma hivyo, anafunga mkoba.

Dawa mojawapo ipo, nayo imetoka kwa wataalamu wa kompyuta. Inaitwa algorithimu ya jenetiki. Aliyeitangaza sana ni John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Jina linatisha, lakini kazi yenyewe mkulima anaifahamu. Anayetunza mbegu huchagua magunzi bora, na mfugaji humpandisha ng’ombe wake kwa dume lenye sifa. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila badala ya magunzi hutumia orodha za maswali.

Tuseme yapo maswali 100 na yanatakiwa 10 tu. Orodha zinazoweza kupatikana ni zaidi ya trilioni 17. Hata kompyuta inayopima orodha milioni 1 kwa sekunde ingehitaji siku 200 kuzimaliza zote.

Kwa hiyo kompyuta huanza na orodha chache zilizookotwa kwa bahati nasibu. Kila orodha hupewa alama, zilizo dhaifu hutupwa, na zilizo bora huchanganywa ili kuzaa orodha mpya. Mara moja moja swali moja hubadilishwa, kama mmea unaotokea na sifa ngeni. Baada ya vizazi vingi, hubaki orodha fupi yenye nguvu, ingawa hakuna hakika kwamba ndiyo bora kuliko zote.

Njia hii imekwisha kujaribiwa kwenye madodoso. Mwaka 2010, mtaalamu wa saikolojia Tal Yarkoni aliitumia nchini Marekani kufupisha madodoso 8 ya tabia za watu yenye vipimo 203. Alipata dodoso moja la maswali 181 lililotoa matokeo yaliyokaribiana na ya awali. Kama inawezekana kwa tabia za watu, inafaa kujaribiwa kwa ekari na magunia.

Hata hivyo, ipo mitego. Wa kwanza ni namna ya kutoa alama. Watafiti wengi hutumia kipimo cha alfa, kilichopewa umaarufu na Lee Cronbach mwaka 1951, kuona kama majibu ya maswali yanakwenda pamoja. Ukiiambia kompyuta itafute alfa kubwa tu, inaweza kukuletea swali lile lile kwa maneno 10 tofauti. Majibu yatapatana, lakini hakuna jipya litakalojulikana. Alama lazima ziangalie pia kama maswali yanagusa shamba, mifugo, soko na madeni.

Mtego wa pili ni mbegu yenyewe. Kompyuta huchagua katika kile ilichopewa. Swali la “ulivuna magunia mangapi” halina maana kama mmoja anahesabu gunia la kilo 100 na mwingine anahesabu lumbesa. Hakuna hesabu itakayoliponya swali bovu.

Mtego wa tatu ni kuamini orodha kabla ya kuijaribu kwingine. Maswali yaliyochaguliwa kwa majibu ya wakulima wa mpunga Kyela yanaweza kushindwa kwa wafugaji wa Longido. Ni lazima yapimwe kwa watu ambao majibu yao hayakutumika katika kuchagua.

Tena, maswali huzeeka. Simu ya mkononi ilikuwa dalili ya uwezo mwaka 2000; leo hata kibarua anayo. Orodha isiyopitiwa upya itawaita matajiri watu wasio na akiba ya mwezi mmoja.

Kwa sababu hiyo, benki, miradi na halmashauri zinapaswa kubadili utaratibu. Kwanza, wakulima na wachuuzi washirikishwe kuandika maswali, kwa vipimo wanavyovitumia sokoni. Pili, maswali yachujwe na kujaribiwa kabla ya kwenda vijijini. Tatu, anayenyimwa mkopo kwa sababu ya majibu yake aelezwe ni majibu yapi, na apewe nafasi ya kuyasahihisha.

Vyama vya ushirika na SACCOS navyo visikae kimya. Mgeni akija na dodoso la kurasa 20, viongozi wamuulize kila swali linapima nini na matokeo yatarudi lini kijijini. Muda wa mkulima ni mtaji, na anayeuchukua hana budi kuutumia vizuri.