Vitabu vya Kutisha: Nani Amchagulie Mtoto?

Mtoto wa ndugu yangu aliyeolewa akahamia Columbus, katika jimbo la Ohio huko Marekani, aliniletea ujumbe wa sauti kwa simu usiku wa manane. Nilipouona saa ile moyo ulinipiga, nikadhani kuna msiba. Kumbe habari ni ya vitabu. "Ami," asema, "shule imempa mwanangu orodha ya vitabu vya kutisha, achague kimoja asome mwezi huu wa Oktoba. Baba yake amekataa katakata. Kile alichokuja nacho amekichukua akakirudisha maktaba kwa mkono wake. Leo siku ya tatu mtoto hasemi na babake. Nawe ndiwe mtu wa vitabu katika ukoo wetu. Tuamulie."

Tuamulie! Mimi si kadhi wala si mufti. Ni mtu wa mashairi na magazeti. Lakini neno hili nimelizungusha kichwani wiki nzima, na naona si la nyumba moja tu. Wana wetu wametawanyika, wengine Marekani, wengine Uingereza, wengine Ghuba, na hata walio hapa Mombasa wanasoma vitabu hivyo hivyo. Basi na tulizungumze hadharani.

Kwanza tuujue msimu wenyewe. Usiku wa tarehe 31 Oktoba Wamarekani huuita Halloween. Asili yake ni Ireland na Uskoti, ambako watu wa kale walikuwa na sikukuu ya Samhain ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, wakiamini kuwa usiku ule pazia baina ya walio hai na waliokufa huwa jembamba. Kanisa nalo likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio uliolipa usiku huo jina lake. Waairishi waliokimbia njaa ya miaka ya 1840 walivuka bahari na mila hiyo. Kwao walikuwa wakichonga sura za kutisha katika tanipu. Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na halimsumbui mchongaji. Siku hizi watoto hujivika umbo la mizuka wakapita mlango kwa mlango kuomba peremende, na wenye maduka ya vitabu hupanga mezani hadithi za kutisha kama hapa tunavyopanga tende Ramadhani ikikaribia.

Kuhusu mavazi na kubisha milango nasimama na mkwe wangu, tena bila kuyumba. Mtoto wa Kiislamu ana Idi mbili, zamtosha. Kuvaa umbo la shetani kwa mchezo si jambo letu, na baba aliye ugenini ana haki ya kuchora mstari mlangoni pake. Lakini kitabu si vazi. Mtu akisoma habari za vita hajawa mwuaji, na akisoma habari za Firauni hajamsujudia. Mkwe wangu amefunga mlango na dirisha pamoja, na hapo ndipo nisipomfuata.

Maana sisi, ndugu msomaji, si wageni wa hofu. Tuliokwenda chuoni tumelelewa nayo. Kabla ya kujua kuandika majina yetu tulikwisha kuhifadhi Falaq na Nasi, sura mbili za kuomba kinga, na kila usiku tulizisoma tukajipulizia viganjani. Majini kwetu si porojo la kuuzia vitabu. Wana sura yao nzima katika Msahafu. Muislamu haambiwi kwamba kisichoonekana hakipo. Huambiwa ni nani wa kuombwa ulinzi. Mtoto aliyeshika hilo sawasawa ana silaha ambayo mwenzake wa darasani hana, na sioni kwa nini yeye ndiye anyimwe kitabu.

Mimi mwenyewe yalinifika. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili niliazima *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, nikakitia ndani ya mfuko wa juzuu nikenda nacho chuoni. Mwalimu alikiona. Jina la kitabu lilitosha; alikitwaa bila ya kusema, nami nikangoja fimbo. Fimbo haikuja siku ile, wala ya pili. Wiki ikapita. Ijumaa akaniita barazani, akanirudishia kitabu, akasema, "Nimekisoma. Mzimu hamna mle. Mna mtu." Nikapewa juzuu yangu niendelee nilipokomea.

Sijapata kusikia uhakiki uliokipita huo. Kitabu kile kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikatoka chapa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali yaonekana penye mzimu, haina kichwa, na watu wote wako tayari kusema kuwa wazee wa kale wamekasirika. Ndipo aingie Bwana Msa na kiko chake, aulize maswali madogo madogo mpaka hofu ianze kuvuka kutoka kwa mizimu ije kwa binadamu. Mwandishi alikuwa Mzanzibari na mwandishi wa habari, mhariri wa gazeti la *Mkulima*. Miaka minane baadaye alitoa *Kisima cha Giningi*, na hilo la Giningi ni jina ambalo Unguja na Pemba mtoto alikuwa akilisikia ajifunike shuka, maana ndiko waliko wachawi, yasemwa. Said Ahmed Mohamed naye alilichukua jina hilo hilo akalitia katika mchezo wake *Kivuli Kinaishi*, 1990, akalifanya nchi ya dhuluma iliyo chini ya Bi Kirembwe, ambamo watu wamepumbazwa hata hawajui kuwa wamepumbazwa. Hicho hunitisha mimi leo, na umri huu nilio nao.

Kwa msichana wa miaka kumi na mitatu, nilimwambia mamake, kitabu cha kwanza ni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha 1952. Watu hukidharau wakakiita hadithi ya adabu tu. Wakisome tena usiku. Kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na mwenziwao anayewapenda hana budi kuwachapa kila usiku huku akilia, kwa amri ya jini. Kuna mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe pale pale walipo. Aliyepata kutembea Gedi jioni, wakati wageni wamekwisha kutoka na mibuyu imeanza kutia kivuli juu ya misikiti iliyobomoka, hatahitaji kuelezwa mji huo unafananaje.

Hapo tena kuna jambo ambalo mtoto huyu angefurahi kulipeleka darasani kwake. Waingereza wana neno *ghoul*, zimwi la makaburini, na msimu huu limejaa katika vitabu vyao. Ni neno la Kiarabu, ghuli. Liliingia Kiingereza mwaka 1786 katika hadithi ya William Beckford iitwayo *Vathek*, ambayo inahusu khalifa wa Kiabbasi aliyejiuza kwa Ibilisi. Sisi tunalo siku nyingi. *Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli* wa Mgeni bin Faqihi, utenzi wa maelfu ya beti juu ya vita vya Masahaba na mfalme jeuri, una neno hilo hilo katika jina lake, yaani kichwa cha zimwi. Na Wamarekani nao walimpa mmoja wa maadui wa Batman jina hilo mwaka 1971! Kwa hiyo mtoto asidhani kuwa anaazima hofu ya watu. Nyingine ni yetu, imerudi na kanzu ya kigeni.

Sasa niseme juu ya orodha ya shule yenyewe. Juu kabisa palikuwa na *Frankenstein*, na ndicho kitabu mkwe wangu alichokirudisha. Nadhani alitishwa na picha ya jalada. Mary Shelley alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na miaka kumi na minane, karibu na Geneva. Mwaka ule Ulaya haikuona kiangazi, maana mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815 na majivu yake yakalifunika jua. Mvua ikawafungia nyumbani yeye na wenziwe, miongoni mwao mshairi Byron, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kitabu kilitoka 1818, bila jina la mtungaji.

Watu wengi wasiokisoma hudhani kuwa Frankenstein ni jina la dubwana. Siyo. Ni jina la kijana msomi aliyelitengeneza kwa viungo vya maiti, kisha akalikimbia mara lilipofumbua macho. Kiumbe yule hana jina. Hujifunza kusema kwa kusikiliza ukutani mwa nyumba ya maskini, ambamo msichana mgeni aliyetoka Uturuki, Safie, anafundishwa lugha ya nyumba ile. Wote wawili wanajifunza maneno mamoja, yeye ndani na kiumbe nje. Na anapojitokeza kuomba udugu, ni mzee kipofu tu anayempokea. Wenye macho wanampiga. Mtoto wa Kiswahili anayekaa Ohio ataelewa nini kwa hayo? Naona ataelewa zaidi ya mwalimu wake. Sifichi lakini kuwa babake Safie, mfanyabiashara wa Kituruki, amechorwa kama msaliti, na kwamba dini yetu imesemwa humo kwa kinywa cha mtu asiyeijua. Ndiyo sababu nasema asome na mzazi, wakifika hapo wasimame wazungumze. Kukificha kitabu hakutamfundisha kujibu.

Mkwe wangu naye nimemchagulia chake. Mwiraki Ahmed Saadawi alitoa mwaka 2013 *Frankenstein katika Baghdad*, kwa Kiarabu, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kimataifa ya riwaya ya Kiarabu. Mle mna muuza vitu vikuukuu aitwaye Hadi ambaye huokota vipande vya watu waliouawa na mabomu, akavishona pamoja. Hashoni kwa wazimu wa elimu kama yule kijana wa Geneva. Ashona ili kupatikane mwili mmoja kamili, usitupwe kama taka, upewe maziko. Kisha mwili unainuka, unakwenda kulipa visasi vya kila kiungo chake, na kila kisasi kinahitaji nyama mpya. Sisi ambao haki ya maiti kwetu ni kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, hatuwezi kukisoma kitabu hicho kama anavyokisoma Mmarekani. Mimi nilikiweka chini mara mbili. Si cha mtoto.

*Dracula* cha Bram Stoker, cha mwaka 1897, kilikuwamo pia katika orodha. Nimesema asubiri akue kidogo. Kwanza kina ashiki iliyofichwa vibaya, pili kinga zote mle ni za msalaba na mkate wa kanisani, na itakuwa kazi kumweleza mtoto. Na kuna vitabu ambavyo sikuvihesabu kabisa, vile ambavyo mwandishi hana la kusema ila damu, ukurasa baada ya ukurasa. Hivyo havitishi, vinatia kichefuchefu. Wala sitaki vile vya uganga vinavyopangwa chini penye njia zetu wenyewe, vyenye michoro na majina ya majini wa kuitwa. Ajabu ni kwamba mzazi anayepiga kelele juu ya Halloween mara nyingine anacho kimoja uvunguni.

Nikiulizwa ni kipi hasa kinanitisha mimi, nitajibu *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Hakuna zimwi mle. Kuna majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani na watu wa kujivuna, na sasa popo na ndege wa usiku ndio wenyeji, na mshairi anausemeza moyo wake auulize umejiandaaje na kaburi. Niliisikia ikisomwa nikiwa kijana, nikarudi nyumbani nikiyatazama maghorofa ya mtaani kwetu kama yaliyokwisha kuanguka. Lakini Kiamu chake ni kigumu, na bila ya mtu mzima wa kumfasiria mtoto ataona maneno tu.

Basi nikenda madukani Mombasa nikamnunulie mjukuu vitabu vyake. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Duka la kwanza, la pili, la tatu: vitabu vya mitihani, vitabu vya mitihani. Kijana mmoja muuzaji aliniuliza kama huyo Bwana Msa ni mtahiniwa. Vya Kiingereza vya kutisha vilikuwako rafu nzima. Tunalia kuwa wana wetu wanatishwa na mizuka ya Ireland, na ya kwetu hatukuiacha hata dukani.

Nimempa msafiri nakala yangu ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, ile ile iliyolala wiki moja kwa mwalimu, na *Adili* nimeipata kwa rafiki. Mtoto husoma Kiswahili polepole, kwa hiyo mamake amsomea baada ya Isha. Jana nimeletewa habari kuwa mkwe wangu amepita sebuleni mara tatu kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. *Frankenstein* bado hajakikubali. Ataka nimwandikie sababu zangu, nami nimemwandikia haya.

*Kisima cha Giningi* bado sijakipata. Msomaji aliye na nakala ya ziada, hata kama haina jalada, na aniachie hapa gazetini. Nitailipia.